Naoga mara mbili kwa siku na bado nanuka. Kumbe tatizo si maji, ni taulo nyuma ya mlango

Mpangaji Chumba Na. 6:

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na aibu kidogo, ila humu hakuna anayenijua, kwa hiyo nitasema yote.

Mimi ni mtu wa kuoga. Saa kumi na moja alfajiri, kabla foleni ya bafu haijaanza (tupo wapangaji wanane, bafu moja), nimeshaingia na ndoo yangu ya lita 20. Jioni nikirudi naingia tena. Dodoki, sabuni, miguu nasugua na jiwe mpaka magaga yanaomba msamaha. Mswaki asubuhi na usiku. Sasa mtu kama huyu akiambiwa ananuka ataamini?

Mwezi uliopita mdogo wangu wa kike kaja kutoka Morogoro. Nimeenda kumpokea stendi ya Mbezi, nimemkumbatia, akarudi nyuma hatua moja. "Kaka, mbona shati lako linanuka kama tambara la kudekia?" Hawa wadogo zetu wa siku hizi hawana adabu, lakini ndio pekee watakaokwambia ukweli. Ofisini wamekaa kimya mwaka mzima, wanafungua madirisha tu nikiingia. Mimi nilidhani wanapenda upepo.

Nikanusa kwapa langu palepale. Safi. Nikanusa kola ya shati. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuna harufu mbili na wengi wetu tunazichanganya. Kuna kikwapa, hiki ni cha mwili. Na kuna uvundo, huu ni wa kitambaa kilichokaa na unyevu. Kikwapa utakioga kitaondoka. Uvundo huwezi kuuoga, maana hauko mwilini, unauvaa ukishamaliza kuoga.

Kesho yake nikaanza upelelezi. Nikachukua taulo, nikalitia kwenye mfuko wa plastiki, nikafunga fundo, nikauacha juani nusu saa. Nikafungua, nikaingiza pua. Wakuu, sitaelezea. Nikarudia kwa shati "safi" lililopigwa pasi: vilevile. Dodoki ndiyo usiseme, nusura nikae chini.

Nikajiuliza uvundo unatoka wapi, nikafuatilia wiki yangu yote.

Taulo langu ni lile zito la manyoya, nililipata kwa mbwembwe. Linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Chumba kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, upepo haupiti. Na hali ya hewa ya Dar mnaijua, hasa masika, hata chumvi mezani inalowana. Taulo ninalojifutia alfajiri, jioni bado bichi. Najifutia tena, linalala bichi. Halijawahi kukauka tangu nilinunue.

Nguo naloweka Jumamosi usiku, nafua Jumapili baada ya mpira. Saa kumi na tano ndani ya beseni! Yale maji ukiyamwaga yanatoka na harufu ya uchachu, lakini mimi nilikuwa nasema ni uchafu umetoka. Halafu maji yetu ni ya kisima, yana chumvi. Sabuni ya mche haitoi povu, inabaki kama utando wa kijivu. Maji ya bomba nanunua kwa dumu, kwa hiyo nasuuza mara moja kwa ubahili. Sabuni inabaki kwenye nguo pamoja na jasho lake.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuanua. Mtaani kwetu ukiacha nguo kambani mpaka giza, asubuhi unakuta vibanio tu. Basi saa kumi na moja jioni naanua zote. Mgongo wa shati umekauka, ila mshono wa kwapa, kola na mkanda wa suruali vina ubichi. Nakunja, natia begini. Asubuhi napiga pasi, inatoka na mvuke wenye harufu, najua ni harufu ya pasi. Ikifika saa nne, mwili umepata joto, jasho limelowesha mshono, uvundo umeamka. Na mimi hapo napuliza pafyumu juu yake. Sasa ni kachumbari.

Nilivyobadilisha: taulo zito nimempa fundi magari. Sasa nina mataulo mawili mepesi na khanga moja ya kuukuu, napokezana. Silali na taulo bichi chumbani, linalala nje kwenye varanda. Naloweka nusu saa, si usiku kucha. Nasuuza mara mbili, ya mwisho kwa maji ya bomba. Nafua asubuhi na mapema ili nguo zile jua lote, nikiwa nimezigeuza nje ndani. Mashati ya polista nimeyapunguza, yale yanashika harufu hata ukifua leo. Na viatu sivai jozi moja siku mbili mfululizo, natia magazeti ndani yanyonye jasho.

Jana mdogo wangu kanipigia kuomba nauli. Nikamuuliza, mara hii utakumbatia? Akasema tuma kwanza.

Karibuni tujadili. Wenye mbinu nyingine leteni.

---

Chumvi Ya Mezani:
Nimekaa siti ya mbele. Ngoja waje.

---

Jembe La Kale:
Mwanaume mzima unaandika gazeti kuhusu taulo. Oga, vaa, nenda kazini. Babu zetu walikuwa wanaoga mtoni na hakuna aliyenuka.

---

Mpangaji Chumba Na. 6:
Mkuu Jembe, babu yako akitoka mtoni alikuwa anakauka juani akiwa kifua wazi. Hakuwa na polista wala chumba cha dirisha moja. Fanya lile jaribio la mfuko na taulo lako halafu urudi hapa.

---

Nesi Wa Usiku:
Mleta mada umepatia sehemu kubwa. Niongezee upande wa kikwapa chenyewe.

Jasho likitoka halina harufu ya kutisha. Tuna tezi za aina mbili. Zilizo nyingi zimetapakaa mwili mzima, zinatoa maji na chumvi ili kupooza joto. Nyingine ziko kwapani na sehemu za siri, hizi zinaanza kazi wakati wa balehe na zinatoa kitu kizito chenye mafuta na protini. Bakteria wa ngozini wanakila hicho, na mabaki yao ndiyo mnayoyasikia kwenye daladala. Ndiyo maana mtoto wa miaka mitano atacheza siku nzima, mwisho atanuka vumbi tu, lakini kaka yake wa miaka kumi na minne akivua shati nyumba nzima inajua.

Dukani kuna vitu viwili vinakaa rafu moja na watu hawavitofautishi. Diodoranti ya kawaida inapambana na bakteria na kuweka harufu nzuri, jasho litatoka kama kawaida. Ile iliyoandikwa ya kuzuia jasho ina chumvi za aluminiamu zinazoziba vijitundu kwa muda. Hii ya pili wengi wanaipaka asubuhi kwapa likiwa na maji, wanatoka mbio kuwahi gari, halafu wanasema haifanyi kazi. Ipake usiku, kwapa likiwa kavu kabisa. Usiku jasho ni kidogo, dawa inapata nafasi ya kukaa. Asubuhi unaoga na bado inafanya kazi.

Nywele za kwapa ukizipunguza inasaidia, maana jasho na bakteria vinakosa pa kujishikiza. Ila usinyoe saa ileile unayopaka dawa, utawashwa.

Na jambo moja nalisema kila zamu: jasho jingi la usiku la kulowesha shuka, ukiwa unakonda na una kikohozi cha wiki mbili, hilo si suala la sabuni. Nenda kapime kifua kikuu.

---

Dawa Za Asili Tu:
Nesi, mbona unawazungusha watu? Kata limao, sugua kwapani, harufu kwisha. Mimi miaka mitatu sijanunua hizo kemikali.

---

Nesi Wa Usiku:
Limao ni asidi, kweli bakteria hawaipendi. Na ngozi yako vilevile. Limao kwenye ngozi kisha jua la saa saba linaweza kukuunguza ukatoka na malengelenge na madoa meusi yanayokaa wiki kadhaa. Nimewahudumia wenye hayo. Kama unataka cha asili, wazee walikuwa wanatumia shabu, lile jiwe jeupe ambalo vinyozi wanapitisha shavuni baada ya wembe. Lowesha, pitisha kwapani, acha likauke. Nayo ina aluminiamu ndani yake, kwa hiyo usiniambie umekwepa kemikali.

---

Bi Asumini:
Assalaam alaykum. Nipo Unguja, Ng'ambo.

Hii habari ya uvundo sisi tumelelewa nayo. Bibi yangu alikuwa hakupi nguo kabla hajaikunja kola na kuiweka shavuni pake. Shavu ndilo linalojua ubichi, mkono unadanganya. Ikiwa baridi shavuni, inarudi kambani.

Watu wa bara mnadhani udi ni wa kuficha harufu. Udi haufichi kitu. Nguo inafuliwa, inakauka kwa jua, ndiyo inawekwa juu ya chetezo ipate moshi. Ukifukiza nguo mbichi unatoka na harufu mbili zinagombana, kama huyo kijana na pafyumu yake. Mwili nao kwanza unasuguliwa, kisha ndiyo liwa, kisha ndiyo marashi.

Na kuna suala mmelipita kimya. Chooni mnatumia nini? Maana nimekaa bara nikakuta nyumba ina karatasi tu, kopo hamna. Mkono ukiwa na tope utaupangusa kwa karatasi useme umesafika?

Kucha, kwapa na nywele za siri, mafundisho yetu yameweka mwisho siku arobaini. Si kwamba usubiri zifike. Ni mpaka wa mwisho huo.

---

Jembe La Kale:
Bi Asumini hapo kwenye kopo nimekubali, nipe tano.

---

Mbongo Wa Baridi:
Bi Asumini umenikumbusha machungu. Niko Ujerumani mwaka wa sita, kopo langu nilinunua duka la bustani, ni la kumwagilia maua. Wageni wakija wananiuliza mmea uko wapi.

Lakini nilitaka kuchangia kwenye ukavu. Huku baridi ikianza nguo tunaanika ndani, na nyumba zimezibwa kila upande ili joto lisitoke. Ule unyevu wa nguo, wa kupika na wa kuoga unaenda kujibanza ukutani, unakuwa ukungu mweusi. Wajerumani wana desturi ya kufungua madirisha yote dakika chache, asubuhi na jioni, hata nje kuwe na theluji. Mikataba mingi ya nyumba inaitaja kabisa kama wajibu wa mpangaji. Mwaka wangu wa kwanza niliona ni wehu, nikafunga madirisha na kuoga maji ya moto mara mbili kwa siku kama niko Temeke. Ukuta ukaota ukungu, nami ngozi ikapasuka kama udongo wa kiangazi. Hewa ya baridi ni kavu, na maji ya moto yanaondoa mafuta ya ngozi. Sasa naoga mara moja, maji ya uvuguvugu, napaka mafuta ngozi ingali na maji kidogo. Kuoga kunataka kufuata nchi.

---

Mama Wa Mapacha:
Mimi nataka kuongea na wanawake wenzangu, wanaume mkipenda someni.

Mleta mada anaogopa wezi. Sisi tunaogopa macho. Toka nimeota maziwa niliambiwa chupi haianikwi nje. Ukianika, iwe chini ya khanga. Wengine wanaamini kabisa kuna watu wanaziiba kwenda kuzichezea kwa mganga. Matokeo yake chupi zetu zinakauka chini ya godoro, juu ya ndoo, nyuma ya kabati, yaani hazikauki. Halafu tunakwenda hospitali kila mwezi na fangasi, tunapewa dawa, tunarudi kuvaa chupi ileile yenye unyevu.

Na watoto wa kike wanaotumia pedi za kitambaa ndio wanaumia zaidi. Kile kitambaa kinahitaji jua kali kuliko nguo yoyote nyumbani, na ndicho kinachofichwa kuliko vyote. Mimi wanangu nimewawekea kamba yao ya uani, upande wa jua. Mama mkwe kanuna wiki mbili, amezoea.

Chupi za mitumba ndiyo nisiseme. Zimepigwa marufuku miaka mingi na bado ziko chini zimetandazwa.

---

Nesi Wa Usiku:
Mama Wa Mapacha, Mungu akubariki. Na niseme lingine hapohapo: ndani ya uke hakuoshwi na sabuni, wala ndimu, wala kidole chenye dawa. Kuna bakteria wema mle wanaotengeneza asidi ya kuzuia maradhi. Ukiwaosha ukawamaliza, unawakaribisha wengine, na harufu unayoikimbia ndiyo inakuja. Maji safi, nje tu. Chupi ya pamba. Inatosha.

---

Mwana Wa Mlima Meru:
Naomba nitoe dukuduku maana kila uzi wa usafi tunashambuliwa sisi.

Nimezaliwa Ngarenanyuki, Arusha. Meno yangu ni ya kahawia. Nikiwa chuo Dar, msichana aliniuliza mbele za watu kama kwetu miswaki haifiki. Napiga mswaki kuliko yeye. Maji ya kwetu yanatoka kwenye miamba ya volkano, yana floraidi nyingi. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuna chemchemi kwetu zinazozidi hapo mara nyingi. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno ya utu uzima bado yanajijenga ndani ya fizi, yanatoka yakiwa na madoa tayari. Hakuna mswaki, mkaa wala magadi utakaoyatoa. Tena magadi wanayotia kwenye maharage kwetu yanaongeza floraidi juu ya ile ya maji.

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hukohuko kwetu, wanachuja floraidi kwenye maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Inasaidia kwa watoto wanaokuja, kwetu tulishachelewa. Kwa hiyo ukiona mtu wa Arusha, Manyara au Singida ana meno ya kahawia, mnuse kwanza mdomo ndipo umhukumu.

---

Chumvi Ya Mezani:
Mkuu Meru, sasa hiyo floraidi si ndiyo wanayotia kwenye dawa ya meno? Nimechanganyikiwa.

---

Mwana Wa Mlima Meru:
Ndiyo hiyohiyo. Kwenye jino ukiisugua inaimarisha, ukiinywa nyingi utotoni inaharibu. Kwa mtoto mdogo weka dawa kiasi cha punje ya mchele, na afundishwe kutema.

---

Nesi Wa Usiku:
Na watu wazima mteme, msisukutue na maji lita nzima. Dawa inatakiwa ibaki kwenye meno. Ulimi nao upitishwe mswaki, harufu nyingi ya mdomo inaishi nyuma ya ulimi. Masikio yaacheni. Vile vijiti vya pamba vinasukuma nta ndani badala ya kuitoa.

---

Ticha Wa Bweni:
Uzi mtamu, nimechelewa. Mimi ni mlezi wa bweni, wavulana mia na ushee. Huku taulo moja linafuta watu wanne. Mwaka jana tulipata upele, vijana wanajikuna usiku kucha kama gitaa. Tukatibu waliojitokeza. Wiki tatu, umerudi. Tukatibu tena, umerudi. Mganga wa zahanati akatukalisha chini: wale wadudu wanachimba ndani ya ngozi, na aliyeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki kadhaa bila kujikuna huku anawapa wenzake. Tukapaka dawa bweni zima usiku mmoja, tukarudia baada ya wiki. Kesho yake nguo na mashuka kwenye maji ya moto, magodoro yote nje juani. Visivyofulika tukavifunga kwenye mifuko siku kadhaa, maana mdudu akikosa mwili hamalizi siku nyingi, anakufa. Ukaisha.

Sasa nina kanuni moja bwenini: kila taulo lina jina, na saa nane mchana mataulo yote yako nje. Wananiita Ticha Taulo. Mleta mada, karibu kwenye chama.

---

Dawa Za Asili Tu:
Nimefanya lile jaribio la mfuko.

---

Chumvi Ya Mezani:
Leta majibu mkuu.

---

Dawa Za Asili Tu:
Nimenunua taulo jipya.

---

Mpangaji Chumba Na. 6:
Hahaha, pole mkuu. Bi Asumini, ile ya shavu nimeijaribu leo asubuhi. Mashati matatu niliyodhani makavu yamerudi kambani.

Mrejesho mfupi kwa walioniuliza kwenye PM. Nilimfuata baba mwenye nyumba, nikamwambia tufunge waya juu ya paa la varanda, wezi hawafiki na jua linapiga toka saa mbili asubuhi. Tumechanga wapangaji wote, waya umefungwa Jumamosi. Wa chumba namba mbili anadai upande wa mashariki ni wake kwa sababu kakaa miaka mingi kuliko sisi, kikao kimeitishwa. Na nilinunua vibanio kumi na viwili, vyekundu, nikaviandika namba sita kwa kalamu ya wino mzito. Leo nimehesabu saba. Vitano nimeviona vimebana vitenge vya namba mbili, na namba sita imegeuzwa juu chini kuwa tisa. Nyumba yenyewe ina vyumba vinane.